Laini Ikibadilika Kakuma, Ofisi ya Nairobi Itajuaje?

Mwisho wa mwezi umefika. Wenzako wameshapata meseji ya mshahara, mmoja hata ameshalipa deni la dukani. Yako bado. Unapiga simu ofisini Nairobi, unaambiwa pesa ilitoka asubuhi. Unauliza imeenda kwa namba gani, na mtu wa HR anakusomea namba uliyoacha kutumia miezi mitatu iliyopita, simu yako ilipopotea kwa matatu ukitoka Lodwar. "Lakini nilimwambia mtu wa IT," unasema. Na ni kweli ulimwambia. Alikuwekea namba mpya siku hiyo hiyo, ukaendelea kuingia kwenye mfumo wa kazi bila shida. Ila hakumwambia HR, na HR hakuuliza.

Malalamiko ya namna hii hutufikia pia sisi, maana pesa isipofika, wa kwanza kulaumiwa ni kampuni ya malipo. Mara nyingi tukifuatilia tunakuta pesa ilifika salama kabisa, pale pale orodha iliposema iende. Orodha ndiyo ilikuwa imezeeka.

Watu wakikaa jengo moja, jambo hili huisha kwa dakika mbili, mtu anagonga mlango wa pili. Turkana si hivyo. Shirika linaweza kuwa na HR Nairobi, ofisi ndogo Lodwar, na wafanyakazi wenyewe Kakuma au Kalobeyei. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na mvua ikinyesha huko juu laga zikijaa, ile safari fupi inakuwa ya kusubiri. Mtu anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila HR kumwona uso kwa uso. Kuna pia vijana ambao mteja wao yuko Ulaya na wao wako Turkana. Kule Loropio, kando ya Ziwa Turkana, kituo cha Startup Lions kilichofunguliwa 2021 hufundisha vijana kazi za kompyuta, na jengo lenyewe lina minara mirefu kama vichuguu vya mchwa inayovuta hewa moto kutoka ndani ili watu na mashine wapumue. Kazi ya mbali imefika huku. Kinachochelewa ni mawasiliano kati ya anayejua watu na anayejua mashine.

Namba moja, kazi tatu

Watu wa Kakuma hawahitaji kuambiwa kwamba laini si ya kupiga simu tu. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianzisha Bamba Chakula, na sehemu ya mgao wa chakula ikaanza kuingia kwenye simu kama vocha ya kutumia kwa wafanyabiashara walioandikishwa. Ukipoteza laini, chakula kiko mashakani. Somo lile lilieleweka haraka.

Kazini namba yako ina mzigo kama huo. HR wanaitumia kukulipa. IT wanaitumia kukutumia namba ya kuthibitisha unapoingia kwenye mfumo au unaposahau neno la siri. Na bosi wako anaitumia kukutafuta. Ukibadilisha laini na kuambia mmoja tu, umebaki mtu wa namba mbili. Ile ya zamani haikai bure pia. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kuuziwa mtu mwingine kabisa, labda yuko Kisii, hajui lolote kuhusu wewe. Siku moja anapokea mshahara wako. Akishautoa kwa wakala, kuurudisha ni safari ndefu. Siku nyingine anapokea meseji yenye namba ya kufungulia akaunti yako ya kazi.

Hapa tuseme jambo ambalo wengi hawalijui: kupoteza simu si kupoteza namba. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina lako, unaenda na kitambulisho chako halisi na unarudishiwa namba ile ile, pamoja na pesa iliyokuwa ndani. Shida ya Kakuma ni kwamba laini nyingi hazina jina la anayezitumia. Mkimbizi ambaye hati zake zilichelewa alitumia laini ya jirani, au ya mwenzake wa kazi, au ya mwenye duka. Ikipotea, lazima yule mwenye jina apatikane, na huenda alishahama. Ndiyo maana watu hununua laini mpya badala ya kurudisha ya zamani. Si uzembe.

Kwa HR jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mshahara umfikie mfanyakazi mwenyewe, na ukipitia kwa mtu mwingine iwe kwa idhini yake ya maandishi. Kwa hiyo ikiwa kwa sasa unalipwa kupitia laini ya kaka yako, usiache iwe siri ya watu wawili. Andika barua fupi, weka sahihi, HR waiweke faili. Ukipata hati zako, sajili laini yako na uwaambie.

Ekiru si Akiru

Ukipakia orodha ya kulipa watu wengi kwa mpigo, linganisha jina la kwenye orodha na jina lililosajiliwa kwenye laini. Yakitofautiana, malipo hayo yasubiri. Tunapenda ulinzi huo na tunashauri kila mwajiri aufuate, lakini tukiri kwamba Turkana unasumbua watu wasio na hatia.

Karani wa Nairobi akiona "Ekiru" mstari mmoja na "Akiru" mstari wa chini, anaweza kudhani ni kosa la kuandika na kulirekebisha. Si kosa. Kwa Waturkana akiru ni mvua. Ekiru ni mwanamume, Akiru ni mwanamke. Herufi moja imetenganisha watu wawili na mishahara miwili. Wasomali, Wasudani Kusini na Wakongo nao majina yao huandikwa kwa mpangilio mmoja kwenye hati ya ukimbizi, mwingine kwenye laini, na wa tatu kwenye mkataba wa kazi.

IT peke yao hawawezi kutatua hili, kwa sababu hawajui nani ni nani. HR peke yao hawawezi pia, kwa sababu hawaoni mfumo umekataa nini. Kinachofanya kazi ni cha kawaida sana: mfanyakazi mpya anapoandikishwa, jina linanakiliwa kutoka kwa hati anayotumia kwa laini, herufi kwa herufi, na mtu wa IT anafanya jaribio la shilingi chache kabla ya mwisho wa mwezi. Mfanyakazi anathibitisha zimeingia. Basi.

Yule anayeandika "nimebadilisha namba"

Tufike kwa wezi. Mtu akipata neno la siri la barua pepe yako ya kazi, hahitaji PIN yako wala simu yako. Anaandikia HR, kwa anwani yako halisi, kwa heshima zote: "Habari ya leo. Nimebadilisha laini, naomba mshahara wa mwezi huu utumwe kwa namba hii." HR anaona anwani ni sahihi, anabadilisha. Hakuna mfumo uliovunjwa.

Sasa angalia kila upande ulikuwa na nini mkononi. IT wangeweza kuona kwamba akaunti ya mtu wa Kakuma imefunguliwa usiku kutoka mahali asipokuwa. Hawakujua kwamba kuna ombi la kubadilisha namba. HR walikuwa na ombi, hawakujua kuhusu ule usiku. Kila mmoja alikuwa na nusu ya habari.

Ushauri wetu ni mmoja na hatutauzungusha: ombi la kubadilisha namba ya mshahara lisikubaliwe kwa njia lilikoingilia. Limekuja kwa barua pepe? HR anapiga simu kwa namba ya zamani, na isipopatikana anampigia msimamizi aliye Kakuma amwone mtu kwa macho. IT wanaangalia akaunti. Halafu mmoja anaingiza namba mpya na mwingine anaidhinisha, wasiwe mtu yule yule. Ni kweli inachukua siku moja zaidi. Mfanyakazi akikasirika, aelezwe kwamba ni mshahara wake unaolindwa.

Na tafadhali, orodha ya majina, namba za vitambulisho na namba za simu isitumwe kwa kikundi cha WhatsApp ati kila mtu aangalie jina lake. Kambini, orodha kama hiyo inaweza kumweka mtu hatarini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inambana mwajiri: data ya watu ikivuja na kuna hatari ya kweli kwao, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Saa hizo huisha haraka kama IT wanaogopa kumwambia HR.

"Hakuingia kazini"

Kuna namna nyingine mshahara unavyopungua bila mwizi yeyote. Ofisi nyingi za mbali huhesabu mahudhurio kwa mtu kuingia kwenye mfumo. Jumanne mnara wa simu unakwama, au betri ya sola imeisha kwa sababu ya vumbi na mawingu, na watu sita hawaonekani. Mwisho wa mwezi HR wanaona siku moja imepungua kwa kila mmoja, wanakata. IT walikuwa na rekodi kwamba netiweki ilikuwa chini kuanzia saa tatu asubuhi, lakini rekodi hiyo hukaa kwao.

Dawa ni ujumbe mfupi kutoka IT kwenda HR siku ile ile: eneo gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Wewe mfanyakazi usisubiri ofisi. Netiweki ikirudi, tuma meseji ya kawaida kwa msimamizi useme saa ulizokosa, na uitunze. Slipu ya mshahara ni haki yako kisheria, iombe na usome kila kato. Siku moja kwa anayelipwa insentivu si pesa ndogo.

Ukiondoka, au ukibaki na laini ya ofisi

Mkataba ukiisha HR wanajua tarehe, IT wanagundua baadaye. Wakati huo akaunti iko wazi na kompyuta iko nyumbani kwako, na malipo yako ya mwisho yanashikiliwa hadi irudi. Pata risiti ya kurudisha kifaa, hata kama ni karatasi tu yenye sahihi ya msimamizi wa Lodwar.

Linalotuumiza kichwa zaidi ni laini ya ofisi ya kulipa boda, mafuta na maji. Katika ofisi ndogo, laini hiyo husajiliwa kwa jina la mfanyakazi kwa sababu siku ile ilikuwa rahisi. Akiondoka, pesa ya ofisi iko chini ya jina lake, na yeye ndiye anayeweza kuirudisha laini ikipotea. Yeye naye akidaiwa kitu, atajitetea vipi? Mwenye duka unayesoma hapa, ambaye HR ni wewe na IT ni kijana wa jirani, hili linakuhusu pia. Fungua akaunti ya biashara kwa jina la biashara, kabla hujamwajiri mtu wa pili.

Na kwa wewe mwenye laini mpya wiki hii: waandikie HR na IT kwa ujumbe mmoja, wote wawili wakiwa ndani, kabla orodha ya malipo haijafungwa. Uliza hufungwa tarehe gani. Usitume PIN yako kwa yeyote kati yao. Hakuna kazi wanayohitaji kuifanya nayo.