Dawa ya Baridi Yabisi Si Chanzo cha Saratani ya Damu

Kizingo, ilipo Hospitali ya Aga Khan ya Mombasa, mgonjwa wa baridi yabisi au lupasi hufika kliniki akiwa ameshaonywa na jamaa kwamba vidonge vyake vitamletea saratani ya damu. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, lakini imemkamata asiyehusika.

Katika maradhi haya kinga huushambulia mwili wenyewe. Seli za kinga ziitwazo limfosaiti B huzaana mfululizo, huku zikikata na kuunga upya vinasaba vyake ili zitengeneze silaha kali zaidi. Fundi akishona usiku na mchana, iko siku mkasi utakwenda upande. Seli iliyokosewa ikikataa kufa, hapo huzaliwa limfoma, aina ya saratani ya damu.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto, nao pia ni limfoma. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari takriban maili 10,000 hadi kusini mwa Afrika, wakaukuta ukiandama nchi za joto na mvua, pwani ikiwemo: kwenye malaria. Malaria huzichokoza seli zile zile B miaka nenda miaka rudi, na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa London mwaka 1964 katika sampuli iliyotoka Kampala, hushiriki kuziharibu.

Baridi yabisi nayo huongeza hatari ya limfoma kama mara mbili. Limfoma yenyewe ni nadra, basi mara mbili ya kidogo bado ni kidogo. Ugonjwa wa Sjögren, unaokausha macho na kinywa, ndio wa kuchungwa zaidi. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2006 ulionyesha mzigo uliwaangukia waliokaa na baridi yabisi kali kwa muda mrefu. Methotreksati, dawa ya baridi yabisi inayosingiziwa sana, haikuonekana kuongeza hatari. Anayeitupa kwa hofu anauachia ugonjwa uwanja.

Linalonitia wasiwasi ni tezi iliyovimba: shingoni, kwapani au kwenye kinena, haiumi na wiki zinapita haipungui, pamoja na homa, kukonda na jasho la usiku. Kifua kikuu nacho huja hivyo hivyo, na huku kwetu ndicho hudhaniwa kwanza. Mwenye lupasi au baridi yabisi amtajie daktari maradhi yake na aulizie kipimo cha nyama ya tezi. Sindano nyembamba hunyonya seli chache tu. Kuitambua limfoma mara nyingi hutaka tezi nzima itolewe.