Pointi za Mezani: Rekodi za Formula 1 Zisizopimwa kwa Saa

Kwenye soka letu tunazijua pointi za mezani. Timu haikutokea uwanjani, au imechezesha mtu asiye na kibali. Kamati inakaa, karatasi zinafunguliwa, na kesho yake msimamo wa ligi umebadilika bila mpira kupigwa. Formula 1, iliyoanza kuhesabu ubingwa wa dunia pale Silverstone Mei 13, 1950, imeamuliwa mezani kuliko mchezo wowote ninaoufuatilia. Rekodi za madereva zinatunzwa na saa. Zifuatazo ni za wenye kalamu.

Upangaji mrefu kuliko wote

Ukipanga fremu Kariakoo, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa mkononi, na mwaka ukiisha anapandisha. Bernie Ecclestone aliipanga Formula 1 kwa miaka 100.

Mzee huyu wa Uingereza alianza kama muuzaji wa pikipiki na magari yaliyotumika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akainunua timu ya Brabham na kugundua jambo ambalo wenzake, waliokuwa wamezama kwenye injini, hawakulijali: kila timu ilikuwa ikienda peke yake kubembeleza malipo kwa kila mwandaaji wa mbio. Akawaunganisha chini ya chama chao, FOCA, na ugomvi na shirikisho la mchezo ukaanza. Mbio za Hispania za 1980 zilivuliwa hadhi ya ubingwa. Za Afrika Kusini za 1981 hazikuhesabiwa. Mwaka 1982, pale Imola, timu nyingi ziligoma na magari 14 tu yakaanza mbio. Katikati ya vurugu hizo, mwaka 1981, ulitiwa saini Mkataba wa Concorde, uliopewa jina la uwanja wa Paris zilipo ofisi za shirikisho. Mkataba huo ulizipa timu sauti katika kutunga kanuni, na Ecclestone akabaki ameshika televisheni. Wakati huo hakuna aliyeona kwamba televisheni ndiyo iliyokuwa nyama, mengine yote mchuzi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tume ya Ulaya ilikuja juu: shirikisho hilo, FIA, haliwezi kuwa refa na mwenye duka kwa wakati mmoja. Suluhu ya 2001 ikawa kwamba FIA ibaki na filimbi, na duka lipangishwe kwa kampuni za Ecclestone kuanzia 2011 hadi 2110. Bei ilikuwa dola milioni 300 na ushei kwa karne nzima, yaani kama dola milioni 3 kwa mwaka. Rais wa FIA alikuwa Max Mosley, yule yule aliyewahi kuwa mwanasheria wa FOCA. Mwenye macho haambiwi tazama. Januari 2017 kampuni ya Marekani, Liberty Media, ilipokamilisha ununuzi wa biashara hiyo, thamani yake ilihesabiwa kuwa dola bilioni 8. Ecclestone akaondolewa kwenye kiti wiki hiyo hiyo.

Gari lililoishi siku moja

Juni 17, 1978, Anderstorp, Uswidi. Brabham walileta gari lenye feni kubwa nyuma. Wakaguzi wakaambiwa feni ni ya kupoza injini. Kumbe kazi yake kubwa ilikuwa kunyonya hewa chini ya gari ili ling'ang'anie lami kama mjusi ukutani. Likisimama, waliifunika feni kwa mfuniko wa pipa la taka. Niki Lauda alishinda kwa zaidi ya sekunde 34, na timu nyingine zikawaka. Hapo Ecclestone akajikuta na kofia mbili: mwenye Brabham na kiongozi wa timu hizo hizo zilizokasirika. Alichagua siasa. Gari likarudishwa bandani, mwanya ukazibwa, na rekodi ikabaki: mbio moja, ushindi mmoja, asilimia mia. Miaka mingi baadaye ndipo unapoelewa kwamba siku ile alibadilisha kikombe kimoja kwa mchezo mzima.

Faini nono kuliko zote

Septemba 2007 McLaren walipigwa faini ya dola milioni 100 na kufutwa kwenye ubingwa wa timu. Kosa: kurasa zaidi ya 700 za siri za kiufundi za Ferrari zilikutwa mikononi mwa mbunifu wao mkuu. Walinaswaje? Nyaraka zilipelekwa kwenye duka la fotokopi huko Surrey, na mtu wa dukani akawaarifu Ferrari. Timu yenye mitambo ya mamilioni, ikaangushwa na mashine ya kutolea nakala. Madereva waliachwa na pointi zao, na Kimi Räikkönen wa Ferrari akawa bingwa kwa 110 dhidi ya 109 za Lewis Hamilton na 109 za Fernando Alonso, wote wawili wa McLaren.

Weka kando ya hiyo adhabu ya Red Bull ya Oktoba 2022, kwa kuvuka kikomo cha matumizi cha 2021. Faini dola milioni 7, na muda wa kujaribia maumbo ya gari ukapunguzwa kwa asilimia 10. Miongoni mwa hesabu zilizokosewa zilikuwemo za chakula cha wafanyakazi, na kwa wiki kadhaa waandishi hawakuandika kingine ila sandwichi. Wakubwa wa Red Bull walilia kwamba adhabu ya majaribio itawaumiza. Msimu uliofuata walishinda mbio 21 kati ya 22, wakaipita rekodi ya McLaren ya 1988 ya 15 kati ya 16. Kwa maoni yangu, fimbo ile haikufika mgongoni.

Kanuni iliyokufa changa

Mwaka 2016 wakubwa waliona upangaji wa nafasi za kuanzia umepoa. Wakaleta mtindo wa kumtoa dereva wa mwisho kila baada ya sekunde 90. Siku ya kwanza, Melbourne, saa ilikuwa bado inahesabu huku madereva wengi wameshavua kofia na uwanja mtupu. Wakarudia Bahrain, matokeo yale yale. Mbio ya tatu, China, mtindo wa zamani ulikuwa umerudi. Mbio mbili tu.

Ndefu, fupi, na maji ya mvua

Mbio za Canada za 2011 zilichukua saa 4, dakika 4 na sekunde 39, sehemu kubwa ikiwa ni kungoja mvua. Jenson Button, aliyefika hadi nafasi ya mwisho, alishinda baada ya Sebastian Vettel kuteleza katika mzunguko wa mwisho kabisa. Mwaka uliofuata kanuni ikasema: mwisho saa 4. Tangu 2021 ni saa 3.

Lakini mvua ina mambo yake. Agosti 29, 2021, pale Spa nchini Ubelgiji, watu walikaa majukwaani wakilowana kwa saa tatu na zaidi. Mwishowe magari yakatolewa, yakafuata gari la usalama kama msafara wa harusi, yakarudishwa ndani. Matokeo yalihesabiwa kwa kilomita 6.88, mbio fupi kuliko zote katika ubingwa huu, na nusu ya pointi zikagawiwa. Kwa nini kujisumbua? Kanuni ilisema kuvuka mizunguko miwili kunatosha; haikusema lazima watu washindane. Mwaka uliofuata ikasema: pasipo mizunguko miwili bila gari la usalama, hakuna pointi.

Ile nusu haikupotea hewani. Miezi mitatu na nusu baadaye Max Verstappen wa Red Bull na Hamilton, sasa wa Mercedes, waliingia Abu Dhabi, mbio ya mwisho, kila mmoja akiwa na pointi 369.5. Ukiondoa za Spa, Hamilton angekuwa mbele kwa 5.

Neno ghali kuliko yote

Abu Dhabi, Desemba 12, 2021. Hamilton anaongoza, imebaki mizunguko michache, Nicholas Latifi anagonga ukuta na gari la usalama linatoka. Kati ya Hamilton na Verstappen, mwenye matairi mapya, kulikuwa na magari matano yaliyozidiwa mzunguko. Mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, aliyaruhusu hayo matano tu yapite, akayaacha mengine, kisha akaanzisha mbio kwa mzunguko mmoja. Verstappen akapita, akawa bingwa.

Mercedes wakakimbilia kwenye kitabu cha kanuni. Kilisema, kwa Kiingereza chake, kwamba magari yoyote yaliyozidiwa yatatakiwa kupita. Red Bull wakajibu kwamba "yoyote" si "yote". Pingamizi likatupwa, Masi akaondolewa kazini mwezi wa pili, na kitabu kikarekebishwa kisomeke "yote". Kwa Kiswahili marekebisho yangehitaji kufuta silabi moja, "yo". Sijui silabi nyingine iliyowahi kuamua taji la dunia.

Timu ya bei chee

Honda walipojitoa mwishoni mwa 2008, timu yao ikakabidhiwa kwa Ross Brawn na wenzake kwa pauni 1. Wahandisi wake walikuwa wamesoma kanuni mpya za 2009 kwa jicho la fundi cherehani na kuona upenyo chini ya nyuma ya gari. Wapinzani wakalalamika, FIA ikasema ni halali. Brawn GP ikabeba ubingwa wa dereva na wa timu, ikauzwa kwa Mercedes, jina likafutwa. Ilishiriki msimu mmoja na kutwaa kila taji lililokuwepo.

Mageuzi yaliyochelewa kuliko yote

Mwaka huohuo wa 2009, huku benki za dunia zikiyumba, Mosley alisema timu zisitumie zaidi ya pauni milioni 40 kwa mwaka. Ferrari, timu pekee iliyoshiriki kila msimu tangu 1950 na iliyokuwa na kura ya turufu juu ya kanuni, ilikwenda mahakamani Paris na kushindwa. Mwezi Juni timu nane zikatangaza zitaanzisha mashindano yao. Mosley akakunja jamvi: kikomo kikazikwa, naye hakugombea tena.

Walioumia ni wageni walioingia wakiamini ahadi ya gharama nafuu. HRT ilifunga duka mwisho wa 2012. Caterham iliporomoka 2014. Marussia, iliyoishi baadaye kwa jina la Manor, ilizima 2017. Timu kubwa zilikuwa zikitumia dola milioni 400 na zaidi; timu hizi ndogo zilikuwa kama mtu aliyekwenda kwenye mnada wa ng'ombe na nauli ya daladala.

Kikomo kilikuja 2021, miaka 12 baada ya Mosley kukitamka, na sidhani busara ndiyo iliyokileta. Korona iliyosimamisha mbio mwaka 2020 iliwatia wakubwa hofu, na dola milioni 175 zilizokuwa zimeshakubaliwa zikashushwa hadi 145. Mishahara ya madereva na ya viongozi watatu wa juu haihesabiwi, na humo ndimo fedha nyingi bado zinajificha. Sambamba nayo ikaja kanuni ninayoipenda kuliko zote kitabuni: bingwa anapewa muda mdogo zaidi wa kujaribia maumbo ya gari lake, wa mkia muda mwingi zaidi. Ni kama kumpa mshindi wa kilimo jembe butu msimu ujao.

Imefanya kazi? Red Bull wa 2023 wanasema hapana. Lakini McLaren, walioanza mwaka huohuo wakiburuta mkia, walibeba ubingwa wa timu 2024, wa kwanza kwao tangu 1998, kwa injini za kununua kwa Mercedes. Mwaka 2025 dereva wao Lando Norris alimpita Verstappen kwa pointi 2. Na angalia bei: Williams iliuzwa 2020 kwa euro milioni 152, na leo hakuna timu unayoweza kuikaribia kwa fedha hizo. Mimi nasema imefanya kazi, na mfukoni kuliko barabarani.

Ungwana mkubwa kuliko wote, na bara linalongoja

Mwaka 1958, pale Porto, waamuzi walitaka kumfuta Mike Hawthorn kwa kuendesha kinyume na uelekeo wa mbio. Mpinzani wake, Stirling Moss, akaenda mezani kumtetea: nimeona, alikuwa nje ya njia. Hawthorn akabaki na pointi zake 7. Taji liliamuliwa Oktoba 19 mwaka huo katika ardhi ya Afrika, Ain-Diab, Casablanca. Moss alishinda mbio hizo, na msimu mzima alishinda mara nne dhidi ya moja ya Hawthorn, lakini akakosa ubingwa kwa 42 kwa 41. Angenyamaza Porto, lingekuwa lake. Hakuwahi kuwa bingwa.

Desemba 2024 meza yenyewe ilihamia Kigali, mara ya kwanza kwa mkutano mkuu wa FIA na hafla yake ya tuzo kuja Afrika, chini ya rais Mohammed Ben Sulayem, mwanarali wa zamani wa Dubai. Verstappen alikuwepo pia kutumikia adhabu ya kazi za jamii, kwa neno chafu alilolitamka mbele ya waandishi huko Singapore. Na Rais Paul Kagame akatangaza rasmi kwamba Rwanda inataka kuandaa mbio. Kalenda ya mwaka huo ilikuwa na mbio 24, nyingi kuliko wakati wowote, na hakuna hata moja iliyokuwa katika bara hili. Mara ya mwisho ilikuwa Kyalami, Afrika Kusini, Machi 14, 1993, na aliyeshinda ni Alain Prost.