Saratani si ugonjwa wa mjini

Wengi huamini kwamba saratani ni ugonjwa wa mjini, wa moshi wa magari na chakula cha kukaangwa, na kwamba anayelima na kula vya shambani kwake amesalimika. Marekani, ambako kila jimbo lina rejista ya saratani, takwimu zinaonyesha kwamba imani hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayotupumbaza. Mwaka 2017 taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitangaza kwamba vijijini walikuwa wakipatikana wagonjwa wapya 442 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na mijini 457. Vifo je? Vijijini 180, mijini 158. Wanaugua wachache, wanazikwa wengi. Na ingawa vifo vilikuwa vikipungua kote tangu 2006 hadi 2015, mjini vilipungua kwa asilimia 1.6 kila mwaka, kijijini kwa asilimia 1.0 tu, hivyo pengo likazidi kupanuka.

Atakayesema vijijini wamebaki wazee, na wazee hufa, ajue kuwa viwango hivyo vimekwisha kurekebishwa kwa umri. Hoja ya tumbaku ni nzito zaidi. Mashariki mwa Kentucky, kwenye milima ya Appalachia, wavutaji ni wengi, na saratani ya mapafu huua upesi. Hilo halina ubishi. Lakini vijiji vya Marekani vimezidiwa pia na saratani ya utumbo mpana na ya shingo ya kizazi, ambazo uchunguzi wa mapema huzizuia. Hapo sigara peke yake haitoshi kuwa jibu. Tutazame pia umbali wa kliniki, bima ya afya, na mtu anayesubiri mavuno yaishe ndipo aende kupima.

Kentucky yenyewe imetoa ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ni takriban theluthi moja tu ya watu waliofikia umri wa kupimwa utumbo mpana waliokuwa wamepimwa. Wahamasishaji wakaingia wilaya kwa wilaya, wakazungumza na madaktari na wananchi, na kufikia 2008 waliopimwa walikaribia theluthi mbili. Vifo vya saratani hiyo vikashuka sana, wala milima haikuhama. Wapo wanaodai kwamba kupima mapema humfanya mgonjwa ajue mapema tu, si aishi zaidi. Onyo hilo lina maana tukihesabu miaka ya kuishi baada ya kugunduliwa. Tukihesabu maiti kwa idadi ya watu, halina nguvu, kwa sababu aliyekufa amekufa, awe alijua lini. Isitoshe, kivimbe kinachoondolewa utumboni kabla hakijageuka hakifiki hata kwenye rejista.

Tahadhari moja, kwa wanaopenda kulinganisha wilaya. Penye watu 5,000, vifo 8 kwa mwaka ni kiwango cha 160 kwa kila 100,000. Vikiongezeka 4 tu, kiwango kinaruka hadi 240. Gazeti litaandika janga, kumbe ni bahati mbaya ya mwaka mmoja. Sehemu zenye watu wachache husomwa kwa kukusanya miaka kadhaa pamoja.

Kwetu Tanzania tatizo linaanzia nyuma zaidi. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, kabla ya Bugando ya Mwanza kuianza, na rejista za hospitali humhesabu aliyefika hospitali. Mwanamke anayefia nyumbani kwa kutokwa damu huzikwa bila chanzo kuandikwa. Kimya hicho ndicho kinachoipa nguvu imani ya kwamba saratani ni ya mjini. Chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Hao watafikisha miaka 40 mwaka 2044, katika umri ambao ugonjwa huo hujitokeza sana. Ikiwa hadi wakati huo vifo vya kijijini havijaanza kuandikwa pamoja na chanzo chake, faida ya chanjo itapimika kwa wagonjwa waliomudu nauli ya kwenda hospitali kubwa tu.