Mnana, Fundi wa Chane

Sisi watu wa pwani twamjua mnana tangu utotoni. Tumemwona minazini akichana makuti na kupiga kelele mchana kutwa, na wengi humhesabu kuwa mharibifu tu. Ni wachache waliopata kukaa wakaitazama kazi yake toka mwanzo hata mwisho. Mimi fursa hiyo niliipata bara, huko Witeithie, mji mdogo ulioko kati ya Juja na Thika, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi. Jina hilo ni la Kikuyu, na maana yake ni mtu ajisaidie mwenyewe. Kwa mnana, hakuna jina limfaalo kuliko hilo.

Nyuma ya nyumba niliyofikia masika yaliyopita palikuwa na kiwanja chenye mgunga mmoja, umejaa viota kila tawi. Mjenzi ni dume. Huuma ukingo wa jani, akaruka nao, jani likachanika chane moja ndefu. Kwanza hufunga pete katika kijiti, akasimama ndani yake. Mbele husuka chumba cha mayai, nyuma huweka mlango utazamao chini. Hana mikono wala sindano, ila mdomo tu, upitishao chane juu na chini mfano wa vidole vya mama zetu wasukapo ukili.

Kazi ikiisha, hujining'iniza chini ya kiota, akapiga mbawa na kuimba. Jike huja akaingia, akazivutavuta chane kupima uimara wake. Akiridhika, hutandika nyasi laini na manyoya, akataga. Asiporidhika huenda zake. Na kiota kikishanyauka majike hawakitaki tena, basi dume hukibomoa mwenyewe akaanza kingine. Dume mmoja huweza kuwa na wake kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja na nyumba yake. Kadhi hamhoji idadi, lakini haki ya nyumba ameitimiza!

Wataalamu wa Marekani, Nicholas Collias na mkewe Elsie, waliowachunguza minana kwa miaka mingi, walionyesha kwamba dume mchanga akinyimwa majani ya kujifunzia hutokea msukaji dhaifu. Kumbe hata ndege ana chuo chake.

Siku moja mwenye kiwanja alikuja na mtu wa msumeno. Tangu barabara ile ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, ardhi ya Witeithie imekuwa ghali, naye alitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Sikumlaumu, ana watoto wa kulisha. Nilimwonyesha tu majike waliokuwa wakiingia viotani na wadudu mdomoni.

"Mzee," nikamwambia, "mayai hulaliwa siku kama 12, na makinda hukaa kiotani kiasi cha wiki tatu. Wape mwezi mmoja."

Alicheka, akaniuliza kama ndege watamlipa kodi. Nikamsimulia habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipokuwa safarini: masahaba walichukua makinda mawili, mama yao akaja akitapatapa, na Mtume akaamuru arudishiwe wanawe. Mzee yule si Mwislamu. Alinyamaza, akautazama mti, kisha akaamua msingi uanzie upande wa pili.

Mwezi ulipotimia, viota vilikuwa vitupu, na mgunga ukaangushwa. Makinda walikuwa wamekwisha ruka.

Sisemi watu wasijenge. Lakini Qur'ani imetufunza kwamba ndege nao ni umma mfano wetu. Basi ndugu zangu wa Mombasa, Malindi na Lamu, kabla ya kuangusha mnazi au mwembe, tuinue macho kwanza. Kiota kikiwa kibichi, au zikisikika sauti ndani yake, mna watoto wa watu humo, na mwezi mmoja si muda mrefu wa kuwasubiri.