Kesi za Mafundisho ya Mageuko katika Shule za Marekani

Huko Marekani wazazi, waalimu na serikali za majimbo wamefikishana kortini mara nyingi kwa ajili ya somo moja la shule. Somo hilo ni mageuko, yaani mafundisho ya kuwa viumbe hai, mwanadamu akiwamo, vimetokana na viumbe vya kale vilivyobadilika kidogo kidogo kwa muda wa mamilioni ya miaka.

Mwaka 1925 jimbo la Tennessee lilitunga sheria ya kumkataza mwalimu wa shule ya serikali kufundisha kwamba mtu ametokana na wanyama. Katika mji mdogo wa Dayton mwalimu kijana, John Scopes, alikubali kushitakiwa ili sheria hiyo ijaribiwe. Alitiwa hatiani, akatozwa faini ya dola 100. Mwaka 1927 korti ya rufani ilifuta hukumu hiyo, lakini kwa sababu moja tu: faini ipitayo dola 50 ilipasa kukadiriwa na wazee wa baraza, wala si na jaji. Sheria yenyewe ilidumu mpaka 1967.

Swali kubwa lilijibiwa mwaka 1968. Susan Epperson, mwalimu wa Arkansas, aliipinga sheria ya namna hiyo, na Korti Kuu ya Marekani, ambayo hukumu yake haina rufani, ikaamua kuwa katiba hairuhusu serikali kuifanya dini yo yote kuwa kipimo cha masomo. Ndipo jimbo la Louisiana likajaribu njia nyingine. Mwaka 1981 liliamuru kwamba mahali panapofundishwa mageuko, sharti pafundishwe pia uumbaji. Korti Kuu ilibatilisha amri hiyo mwaka 1987. Mwaka 2005, huko Dover, Pennsylvania, wazazi 11 waliishinda halmashauri ya shule iliyoagiza wanafunzi wasomewe tangazo la kuwaelekeza kwenye wazo kwamba viumbe vilibuniwa na mwenye akili kuu.

Yafaa ifahamike vema kwamba majaji hawakuamua kama Mungu aliumba ulimwengu au hakuuumba. Kazi hiyo si ya korti. Waliamua kuwa shule iendeshwayo kwa kodi ya watu wote haiwezi kufundisha imani ya baadhi yao kana kwamba ni sayansi. Kila mzazi angali huru kumfundisha mtoto dini yake nyumbani na mahali pa ibada, na serikali haina ruhusa ya kumwingilia.