Mbega ana daraja, wewe ngoja feri

Pita barabara ya ufuoni Diani, inua macho. Zile ngazi za kamba juu ya lami ni madaraja ya mbega. Shirika la Colobus Conservation huyatundika ili wasigongwe na magari. Poa sana.

Sasa panda matatu mpaka Likoni. Feri ya MV Mtongwe ilizama Aprili 29, 1994, watu 272 wakafa. Daraja la Likoni? Bado mchoro. Ndiyo maana mizaha yetu Kwale ina uchungu ndani. Chukua hili tangazo, la kubuni lakini:

“Wakazi wa Msambweni wanaotaka daraja waote mikia. Fomu ziko kwa chifu. Leta picha mbili za pasipoti, mkia uonekane.”