Manukuu ya Video: Sauti Inayosomeka

Manukuu ni maandishi yanayotokea kwenye video, aghalabu upande wa chini, yakionyesha kinachosemwa wakati uleule kinaposemwa. Manukuu kamili hayaishii kwenye maneno. Humtaja msemaji asipoonekana, na hueleza sauti zenye maana, kama vile [makofi], [adhana inasikika] au [mbuzi wanalia]. Mtu asiyesikia huipata habari nzima, si nusu yake.

Yako manukuu ya aina mbili. Aina ya kwanza huhifadhiwa katika faili lake, na mtazamaji huamua kuyawasha au kuyazima. Faili hilo ni dogo sana, huweza kutafsiriwa kwa lugha nyingine, na maneno yake huusaidia mtandao kuipata video mtu anapoitafuta. Aina ya pili huandikwa juu ya picha yenyewe na haiondoki. Haya ndiyo yanayofaa kwa video zinazosambazwa kwa WhatsApp, kwa kuwa video ikishapakuliwa na kutumwa kutoka simu hadi simu, mara nyingi faili la manukuu huachwa nyuma.

Kazi hii ilianza kwa ajili ya viziwi. Mwaka 1972 kituo cha televisheni cha WGBH mjini Boston, Marekani, kilirusha kipindi cha mapishi cha Julia Child kikiwa na maandishi ambayo kila mtazamaji aliyaona. Tarehe 16 Machi 1980 vituo vikubwa vya nchi hiyo vikaanza kutoa manukuu ya kuwashwa kwa kifaa maalumu. YouTube iliruhusu watu kupachika manukuu mwaka 2008, na Novemba 2009 ikaleta manukuu yanayoandikwa na kompyuta. Miongoni mwa wahandisi walioongoza kazi hiyo alikuwa Ken Harrenstien wa Google, ambaye mwenyewe ni kiziwi.

Nchini Kenya, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, kifungu cha 39, ilivitaka vituo vyote vya televisheni viweke mkalimani wa lugha ya ishara au manukuu katika taarifa za habari, vipindi vya elimu na matangazo ya matukio ya kitaifa. Sheria hiyo iliandikwa miaka miwili kabla ya YouTube kuanzishwa, kwa hiyo macho yake yalikuwa kwenye televisheni. Katiba ya mwaka 2010 ilipanua jambo hili: kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 153,361 wenye umri wa miaka 5 na zaidi waliokuwa na ulemavu wa kusikia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ulimwenguni zaidi ya watu milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza uwezo wa kusikia, wengi wao wakiwa wazee. Babu ambaye hajawahi kujiita kiziwi anaweza kuwa wa kwanza kunufaika na maandishi hayo.

Faida hiyo huvuka mipaka ya ulemavu, na wadi ya Wabera katika mji wa Isiolo ni mahali pazuri pa kuiona. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana na Wasamburu wa kaskazini, pamoja na Wameru walio jirani. Mzee akieleza kwa Kiborana jinsi ya kutambua ugonjwa wa ngamia, jirani yake Mturkana huenda asielewe neno. Manukuu ya Kiswahili chini ya video hiyo humfikisha mzee kwa mji mzima bila kumnyang'anya lugha yake. Sauti hubaki yake, na maana huwa ya wote. Hali ni hiyohiyo kwa video ya mkutano wa bajeti ya kaunti, tangazo la chanjo au somo la darasani. Katiba inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake, na hakuna anayeweza kushiriki katika jambo asilolielewa.

Yapo pia mazingira ambamo hata mwenye masikio mazima hasikii. Abiria ndani ya matatu yenye muziki, mama aliyembembeleza mtoto akalala, mgonjwa kwenye foleni ya hospitali, mfanyabiashara sokoni: wote huitazama simu ikiwa imezimwa sauti. Baadhi ya mitandao ya kijamii huanza kucheza video kimyakimya. Video isiyo na maandishi huwa picha ya mtu anayefumbua na kufumba mdomo, na mtazamaji huipita. Yenye maandishi humshika tangu sentensi ya kwanza.

Kompyuta siku hizi zinaweza kusikiliza Kiswahili na kukiandika. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za wasemaji wanaojitolea, wasemaji wa Kiswahili wakiwemo, ili mashine zijifunze lugha nyingi zaidi. Hata hivyo, mashine hutoa rasimu tu. Hutenganisha neno moja kuwa mawili, huandika karamu pale msemaji alipokusudia kalamu, na hukwama pale Kiswahili kinapochanganywa na Kiborana, Kisomali au Sheng. Katika tafsiri, mkutano wa saa tatu asubuhi huweza kugeuzwa wa saa tisa usiku, kwa kuwa Kiingereza huhesabu saa kwa namna nyingine. Mtu akiamini maandishi hayo, mkutano utampita.

Majina ndiyo yanayoumizwa zaidi. Wabera si neno la kukisiwa. Ni jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Nairobi kuna barabara yenye jina lake. Manukuu yanayolivuruga jina hilo humfuta mtu na historia yake kwenye skrini. Ndiyo maana rasimu ya mashine lazima isomwe na mwenyeji, anayejua kuandika majina ya mahali kama Garba Tulla, Bulla Pesa na Ewaso Nyiro bila kubahatisha.

Utengenezaji wenyewe una hatua tatu. Kwanza, maneno yote ya video huandikwa. Pili, hugawanywa katika vipande vifupi, na kila kipande hupewa namba, muda wa kuanza na muda wa kumalizika. Faili la namna hiyo, lenye jina linaloishia kwa herufi srt, huweza kuandikwa hata kwa programu ya kawaida ya maandishi, na programu ya bure kama Subtitle Edit huirahisisha kazi. Tatu, yote husahihishwa huku video ikichezwa.

Kanuni ya kawaida ni mistari isiyozidi miwili kwa mara moja, kila mstari ukiwa na herufi 42 hivi, na kipande kisikae zaidi ya sekunde 7. Kiswahili huhitaji uangalifu wa pekee hapa. Neno moja kama tutakapowapelekea lina herufi 17 na limebeba kishazi kizima, kwa hiyo mstari hujaa upesi. Mstari ukatwe mahali maana inapopumua: "mkuu wa" usiachwe juu huku "shule" ikishuka chini. Herufi nyeupe juu ya kisanduku cheusi husomeka hata juani, nalo jua la Isiolo si haba. Maandishi yasimfunike mkalimani wa lugha ya ishara. Na kama wasemaji ni watano, wote wawekewe manukuu. Kumwekea mmoja tu kwa sababu ya lafudhi yake ni kumvunjia heshima.

Manukuu yana mipaka yake. Kiziwi aliyekua na Lugha ya Ishara ya Kenya huenda akakisoma Kiswahili kama lugha ya pili, kwa hiyo mkalimani bado anahitajika. Mfugaji ambaye hakupata shule hatasaidiwa na maandishi, bali na sauti safi ya lugha yake. Njia hizi hazishindani, kwa kuwa kila moja humfikia mtu ambaye nyingine imemwacha.

Kabla video haijatolewa, hubaki jaribio moja. Sauti izimwe kabisa, kisha video itazamwe tangu mwanzo na mtu ambaye hakushiriki kuitengeneza. Akiweza kueleza nani amesema nini, na kama ni tangazo la mkutano, ni wapi na saa ngapi, manukuu yametimiza kazi yake. Akishindwa, yarudiwe.